Mlango wa Kwanza wa Akibani

Anayetaka kusikia asogee, na mwenye haraka aende zake sasa hivi, maana habari hii hunipandisha hasira kila ninapoisimulia na sitaki kukatizwa katikati. Ni habari ya Mwanakheri binti Kombo, fundi wa kompyuta kutoka Tanga, na nchi inayoitwa Akibani. Jinsi alivyofika huko usiniulize mimi. Yeye mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba alifika, basi, na kwamba njiani ndipo mahali pekee ambapo hakukutana na upuuzi.

Alikuwa na mumewe, Shekue, mtu mpole, mzito wa mwili, ambaye siku ya pili aliteleza kwenye mawe akateguka kifundo cha mguu. Ikabidi abaki Bondeni, kijiji kilicho chini kabisa kando ya mto, kwa watu wema waliomlaza kwenye kitanda cha kamba wakawa wanamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Mwanakheri akapanda peke yake mpaka Bomani, mji wa serikali ulio juu ya kilima, kuomba kibali cha kukaa nchini wiki mbili mpaka mguu wa mumewe upone. Ombi la maneno kumi. Siku ya nne, mambo yalipoharibika, alikuwa bado anasubiri jibu.

Boma hilo limezungushiwa ukuta wa mawe mrefu kuliko minazi miwili, na ukuta una milango minne. Kila neno la serikali kwenda kwa raia, liwe amri, onyo au salamu, hutoka kwa mlango, mkononi mwa tarishi. Zamani mlango ulikuwa mmoja. Siku moja kizingiti chake kikaanguka, na serikali ikakaa mwezi mzima bila kuweza kusema na watu wake. Watu wake, inasemekana, hawakugundua. Lakini wakubwa waliona aibu, wakatoboa milango mingine mitatu, kila mmoja na njia yake, ili wa kwanza ukifa, wa pili ushike, wa pili ukifa, wa tatu ushike, na kuendelea.

Mwanakheri aliposimuliwa hayo alifurahi sana, masikini. Alidhani amefika kwa watu wa akili. Maana hiyo ndiyo kazi inayompa ugali kwao: kufungua kompyuta za maofisini na kuzitia kadi mbili za mtandao badala ya moja, kila kadi na waya wake. Waya mmoja ukiliwa na panya, ule mwingine unaendelea na kazi na mwenye kompyuta hata hajui. Na siku ambazo zote mbili ni nzima, zinagawana mzigo, kazi inakwenda mbio. Jambo rahisi, linafaa, halina ubishi.

Akibani walilitia ubishi.

Aliyemtembeza alikuwa Karani Mwinjuma, mtu mwembamba mwenye daftari pana kuliko kifua chake. Kazi yake ilikuwa moja. Kila saa alisimama katikati ya uwanja akaita, "Mlango wa Kwanza, upo?" Na kutoka chini ya tao la mlango sauti nzito ikajibu, "Nipo." Karani akaandika: Mlango wa Kwanza ni mzima. Bawabu akiitwa mara tatu asiitike, sheria inasema mlango umekufa, na bawabu amekufa pamoja nao, kwa sababu kwa sheria zao mlango na bawabu ni kitu kimoja. Hapo ndipo Mlango wa Pili unafunguliwa.

"Na huo wa Pili," Mwanakheri akamuuliza, "mara ya mwisho mliufungua lini kuujaribu?"

Karani akaangalia huku na huku kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe zake.

"Mgeni, akiba haijaribiwi. Ukimjaribu mtu maana yake humwamini."

"Sisi kwetu tukishafunga kadi zote mbili, tunachomoa waya mmoja kwa makusudi. Tunaona kama ile ya pili itashika."

"Mnachomoa kitu kizima? Mkiwa na akili zenu timamu?"

"Tena mbele ya mwenye ofisi."

Karani akamshauri asilirudie neno hilo mbele ya Bwana Chande. Huyo Bwana Chande ndiye bawabu wa Mlango wa Pili. Alikuwa amekaa mbele ya mlango uliofungwa kwa miaka kumi na tisa, kwenye kiti chenye mto, na kifuani alikuwa na nishani tisa za kutokosea. Hajawahi kupoteza barua, hajawahi kuchelewesha tarishi. Zahoro wa Mlango wa Kwanza, ambaye hupitisha watu mia kwa siku, hakuwa na nishani hata moja, na kila Ijumaa alikuwa akikaripiwa kwa sababu bahasha fulani imelowa. Mwenye kufanya kazi ndiye anayekosea. Huo ni ukweli wa kila mahali, ila Akibani ndiko walikoufanya kipimo cha cheo.

Ukiuliza kwa nini milango minne isigawane kazi, mmoja usichoke na mitatu isioze, utaambiwa jambo hilo liko barazani. Liko barazani mwaka wa kumi na moja. Kuna Chama cha Zamu, wanaosema tarishi wa kwanza apite huku, wa pili kule, wa tatu kule. Na kuna Chama cha Mizani, wanaosema hapana, mizigo ipimwe kwanza ili kila bawabu apate uzito sawa na mwenzake, asionewe mtu. Waliwahi kujaribu, mwaka unaoitwa Mwaka wa Mgawo. Ili pasiwe na upendeleo, kila barua ilikatwa vipande vinne sawasawa, kila kipande kikatoka kwa mlango wake, na njia hazilingani urefu. Barua moja ya msiba ilitumwa kwenye kijiji cha mbali. Kipande cha rambirambi kikafika Jumatano, na kipande chenye jina la marehemu kikafika Ijumaa, na kwa siku mbili kijiji kizima kikalia bila kujua kinamlilia nani. Baada ya hapo wakaifunga milango mitatu na kurudi barazani.

Mwanakheri aliyasikia hayo yote akajizuia kucheka. Alikuwa mgeni, ana shida yake ya kibali, na mgeni mwerevu huona akanyamaza. Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa nakusimulia kichekesho.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne, Mwanakheri akiwa kwenye foleni ya kibali, mpimaji wa Bwawa akaingia uwanjani amelowa chapachapa. Bwawa kubwa la Akibani liko nyuma ya kilima, juu ya Bondeni, na watu wa Bondeni hawalioni. Mpimaji akasema ukuta wa Bwawa una ufa unaopitisha mkono, kwamba utahimili mpaka alasiri na hautauona usiku, na kwamba maji yakishuka hayatasaza nyumba Bondeni.

Mwanakheri akamwona akilini Shekue kwenye kile kitanda cha kamba, mtu ambaye hata akiwa na miguu yote miwili hakimbii.

Mkuu wa Milango alikuwa mama wa heshima anayeitwa Bi Khola, msemaji wa taratibu, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Na nimtendee haki: hakupoteza muda. Alichukua kalamu pale pale, akaandika onyo la watu wa Bondeni kuhamia juu mara moja, akagonga muhuri, na tarishi wa kwanza akatoka mbio kwa Mlango wa Kwanza. Mwanakheri alipumua. Moyoni alimwombea Bi Khola maisha marefu.

Haikupita nusu saa tarishi akarudi, matope mpaka kiunoni. Hatua mia mbili kutoka mlangoni, baada ya kona, daraja la korongo lilikuwa limechukuliwa na maji. Hakuna pa kupita.

Sasa nisikilize vizuri. Karani Mwinjuma akasimama katikati ya uwanja, akaita, "Mlango wa Kwanza, upo?"

"Nipo," akajibu Zahoro.

Karani akaandika kwamba mlango ni mzima. Na kwa kuwa mlango ni mzima, akatumwa tarishi wa pili kwa mlango huohuo. Huyo naye akarudi na matope yake. Karani akaita. Zahoro akaitika. Akatumwa wa tatu.

Mwanakheri hakuweza kukaa. Aliandamana na huyo wa tatu, mama mmoja wa makamo mwenye mbio za ajabu, na pale kwenye kona akaona kwa macho yake. Korongo lilikuwa limejaa maji mekundu yanayonguruma, na daraja lilikuwa limebaki gogo moja lililochomoza upande huu. Akajifunga kanga akataka kushuka. Maji yalimpiga mara moja yakamlaza chini, na kama si yule mama kumkamata kiunoni habari yake ingekuwa imeishia hapo. Wakarudi wote wawili wanatetemeka. Mlangoni wakapishana na tarishi wa nne akienda, barua mkononi, na alipoambiwa hakupitiki akajibu kwamba yeye ametumwa kwenda, hakutumwa kuuliza.

Mwanakheri akaenda moja kwa moja barazani, kanga inachuruzika maji kwenye sakafu iliyopigwa nta.

"Bi Mkuu, shikamoo. Daraja halipo. Njia ya Mlango wa Kwanza imekatika. Nakuomba ufungue Mlango wa Pili."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulowa." Bi Khola akamwashiria Karani asome daftari.

Karani akasoma: "Onyo kwa Bondeni limetoka saa mbili. Limetoka saa mbili na nusu. Limetoka saa tatu. Limetoka saa tatu na nusu. Mlango wa Kwanza, kila ulipoitwa, umeitika."

"Umesikia?" akasema Bi Khola kwa upole. "Bondeni wameonywa mara nne. Nimeishi na serikali hii tangu usichana wangu, sijaona kijiji kilichoonywa hivyo."

"Limetoka, mama. Halijafika."

"Kufika ni kazi ya kule kunakofikwa. Sisi kazi yetu ni kutoa."

Mwanakheri akamsogelea. "Basi jaribuni wa Pili. Ni kwa safari moja tu ya leo. Hamtapungukiwa na kitu."

"Wa Pili ni akiba ya siku Mlango wa Kwanza utakapokufa. Na Mlango wa Kwanza, alhamdulillahi, ni mzima."

Hapo mzee mmoja wa Chama cha Zamu akasimama kuomba nafasi. Alisema, na haya nayasema kama yalivyosemwa, kwamba matarishi wanne kwa mlango mmoja katika asubuhi moja ni ushahidi wa kutosha kuwa Mlango wa Kwanza umeelemewa, na kwamba hoja ya chama chake sasa imethibitika. Mtu wa Chama cha Mizani akajibu kwamba barua zote nne zina uzito mmoja, kwa hiyo hakuna kuelemewa. Wakaanza. Yaani wakaanza kweli, na vitabu vikaletwa, na wakati huo tarishi wa tano akatoka na wa sita akatoka, na Shekue wa watu amelala Bondeni mguu juu ya mto wa kulalia.

Mwanakheri akawaacha. Alijua akibaki pale atampiga mtu.

Akakimbilia kwa Bwana Chande. Alimkuta kwenye kiti chake, anapangusa nishani ya sita.

"Baba, nakuomba ufungue mlango wako. Watu wa Bondeni watakufa maji."

"Ningependa sana, binti yangu," Bwana Chande akasema, na nadhani alisema kweli. "Njia yangu inapita mgongoni mwa kilima, haina korongo. Lakini mimi nikifungua bila kuitwa na Zahoro bado anaitika, nitakuwa nimekosea. Miaka kumi na tisa, binti yangu. Unataka niitupe yote leo?"

"Kwa hiyo njia unayo."

"Ninayo, nzuri sana. Haijawahi kukanyagwa."

Kwetu tunasema bora punda afe, mzigo ufike. Akibani wamegeuza: mzigo na ufe, mradi punda ukimwita aitike. Mwanakheri aliondoka pale machozi ya hasira yanamtoka, akavuka uwanja, akaenda chini ya tao la Mlango wa Kwanza. Ilikuwa imekaribia saa sita.

Zahoro alikuwa mtu wa miaka kama sitini, mabega mapana, ndevu nyeupe. Miaka ishirini na minane alikuwa hajakosa kuitika hata mara moja. Aliitika akiwa na homa ya malaria. Aliitika siku aliyomzika mama yake, akiwa amekimbia kutoka makaburini. Pembeni yake alikuwa amekaa mkewe, Bi Mize, aliyemletea chai na mihogo ya kuchemsha kama kila siku, na matarishi sita wenye matope walikuwa wamejipanga ukutani hawana la kufanya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa, unywe chai. Umelowa."

"Baba, unajua daraja limekwenda."

"Najua. Wameniambia wote sita."

"Sasa mbona unaitika?"

Zahoro akamtazama kama hakuelewa swali. "Naulizwa kama nipo. Nami nipo. Niseme sipo, na huku mnaniona?"

Mwanakheri akakaa chini kwenye jiwe, akashika kichwa. Ndiyo kwanza aone ugonjwa wote wa nchi ile ulipo. Hakuna aliyesema uongo. Karani aliuliza lake, bawabu akajibu lake, na kila kilichoandikwa kwenye daftari kilikuwa kweli tupu.

"Baba Zahoro," akasema polepole, "hawakuulizi vizuri. Kuwapo kwako au kutokuwapo hakuwasaidii watu wa Bondeni. La kuuliza ni kama njia ipo. Na hilo hawataliuliza, kwa sababu hawajawahi. Kuna jibu moja tu unaloweza kulitoa wakalisikia. Wakikuita saa hii inayokuja, nyamaza."

Zahoro akaweka kikombe chini.

"Unajua unachoniomba? Nikinyamaza mara tatu nitaandikwa marehemu. Si mchezo huo. Nyumba yangu itakuwa ya marehemu. Jina langu litakatwa. Nitasema na mtu wa serikali, hatanijibu, kwa sababu maiti hasemi. Mke wangu huyu atavishwa nguo za eda, miezi minne na siku kumi, na mimi sitaruhusiwa kuingia kwake."

"Najua ni kubwa. Kwetu husema bora punda afe mzigo ufike."

"Na punda mwenyewe huwa anaulizwa?"

"Leo ndiyo ameulizwa," akasema Mwanakheri. "Mume wangu yuko kule, mguu umeteguka. Sikufichi, namlilia yeye kwanza. Lakini kuna nyumba themanini."

Uwanjani viatu vya Karani vilikuwa vinasikika vikija, kama ilivyo kila saa. Zahoro akageuka akamtazama mkewe. Bi Mize alikuwa anakusanya maganda ya mihogo kwenye sinia, hakuinua uso.

"Unaniangalia nini? Wewe nyamaza. Kama umekufa au hujafa, hilo nitalijua mwenyewe."

"Mlango wa Kwanza, upo?" akaita Karani Mwinjuma, na tayari alikuwa ameshaanza kuandika.

Hakuna jibu.

Kalamu ikasimama. Karani akainua shingo kama mtu aliyekanyaga hewa mahali alipotegemea ngazi. Barazani mabishano yalisikika bado. "Mlango wa Kwanza, upo?" akaita tena, sauti imepanda kidogo.

Zahoro alikuwa amesimama chini ya tao, anaonekana na kila mtu, mikono ameishika nyuma. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mwanakheri anasema hajawahi kuona mtu akifanya kazi nzito namna ile bila kubeba kitu.

Karani akasogea mpaka mbele yake, uso kwa uso, na mara ya tatu hakuita, aliomba. "Mzee Zahoro. Ndugu yangu. Mlango wa Kwanza, upo?"

Machozi yakamshuka Zahoro mpaka ndevuni, na hakusema neno.

Basi hapo, usinione nacheka, serikali ya Akibani ilifanya kazi kwa kasi ya umeme. Karani akaandika. Tarumbeta ikapigwa. Baraza lote likasimama kwa dakika moja kumkumbuka marehemu, marehemu naye akasimama kwa heshima. Bi Khola akatoa amri Mlango wa Pili ufunguliwe, na umati ukaenda kwa Bwana Chande, aliyekuwa amesimama wima na nishani zake, ufunguo mkononi, siku yake imefika.

Ufunguo haukuzunguka. Miaka kumi na tisa bila tone la mafuta, bawaba zilikuwa zimekuwa kitu kimoja na jiwe. Bwana Chande akavuta, akavuta tena, jasho likamtoka, na ndipo ilipoonekana kwamba kwa upande wa ndani wa kizingiti alikuwa ameweka magunia yake ya makopa ya mihogo, kwa kuwa palikuwa pakavu na hapana mpitaji. Ikabidi magunia yatolewe moja moja, na Bwana Chande anataka yahesabiwe. Mwanakheri akachukua mchi wa mtu fulani uliokuwa jikoni akaanza kutwanga bawaba. Zahoro akaja akauchukua mchi ule kutoka mkononi mwake. Mabawabu wengine hawakumzuia, kwa sababu hakuna kifungu kinachosema marehemu asivunje mlango. Pigo la nne bawaba ikaachia.

Walitoka matarishi sita kwa pamoja, na Mwanakheri nyuma yao, kwenye njia iliyoota majani mpaka kiunoni lakini imara kama siku ilipojengwa. Walifika Bondeni saa tisa kasoro robo. Watu wa Bondeni waliposoma muhuri hawakubishana hata kidogo. Ni watu wanaojua kazi, si kama wale wa juu. Wazee walibebwa, watoto wakafungwa migongoni, mbuzi wakaswagwa. Vijana wanne wakambeba Shekue na kitanda chake, naye njia nzima akawa anawaomba radhi kwa uzito wake. Saa kumi na nusu Bwawa likapasuka. Wakiwa mgongoni mwa kilima waliyaona maji yakiingia kijijini, yakachukua nyumba themanini na msikiti na michungwa, na hayakuchukua mtu.

Hapo ningemaliza, lakini ningekuwa nawapendelea wakubwa wa Akibani.

Kesho yake Bomani ilisomwa taarifa. Ilisema kuwa Mlango wa Kwanza ulikufa saa sita, Mlango wa Pili ukashika mara moja kama ilivyopangwa, na utaratibu umefanya kazi bila kasoro. Ilisema hakuna aliyedhurika. Bwana Chande akapewa nishani ya kumi. Baraza likapitisha kwamba njia ya Mlango wa Pili, kwa kuwa ni ndefu na inachosha matarishi, igeuzwe ikutane na ile ya Mlango wa Kwanza palepale korongoni, halafu ya Tatu na ya Nne zifuate, na pajengwe daraja moja kubwa, la kupendeza, litakalopitisha njia zote nne. Walipiga makofi. Mwanakheri alikuwepo, na anasema alipiga kelele, na ninamwamini, maana hata akinisimulia mimi alipiga kelele.

Walipomaliza akamfuata Bi Khola. "Na Mzee Zahoro, mama? Mwandikeni yuko hai. Yule pale, amesimama."

Bi Khola hakugeuka kutazama. "Mwanangu, tunayo sheria ya kufa. Nzuri sana, umeona ilivyofanya kazi. Ya kurudi hatuna. Hakuna aliyewahi kufikiri mlango uliokufa utapona."

"Basi itungeni."

"Ipeleke barazani," akasema Bi Khola kwa huruma ya kweli. "Chama cha Zamu wakikubali, na Mizani wakikubali."

Zahoro alikuwa amesimama kando ya uwanja tangu alfajiri. Watu wa serikali walipita karibu naye bila salamu, wengine wakiona haya, wengine wamezoea tayari. Alikuwa hajala tangu mihogo ya jana. Saa saba Karani Mwinjuma na wanawake wawili wa serikali wakaenda nyumbani kwa Bi Mize na nguo za eda, wakamkuta jikoni. Alizipokea kwa mikono miwili, akazikunja vizuri, akazitia kwapani. Akafunika sufuria. Akatoka, wao nyuma yake, akavuka uwanja mzima mbele ya baraza lililokuwa linatoka, mpaka pale aliposimama mumewe, akamshika mkono.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Wali unapoa."

Wakaondoka wawili hao polepole, kwa sababu miguu ya Zahoro ilikuwa imekufa ganzi kwa kusimama. Wakampita Karani Mwinjuma kwa upana wa mkono. Karani akafungua daftari lake, akatafuta kifungu cha kumzuia marehemu asiende kula kwake, akapekua mbele na nyuma mpaka walipoingia na kurudishia mlango, na hakukipata.